Oda Iliyomfilisi Fundi

Kuna mchongaji mmoja mjini Mombasa ambaye jina lake nitalihifadhi, kwa sababu kisa chake ni cha wengi na yeye bado ana watoto wa kusomesha. Ustadi wake hauna ubishi. Alikuwa akichonga viboko wadogo wa mwarubaini, ukubwa wa ngumi, mgongo umepigwa msasa hadi unateleza mkononi, masikio mawili yamesimama kama ya mnyama aliyesikia sauti majini. Viboko hao walinunuliwa. Kila Jumamosi broka alipita na gunia, na kila Jumamosi gunia liliondoka limejaa.

Bei yake aliipata kwa hesabu fupi, na ukipita kwenye vibanda vya wachongaji popote nchini utaambiwa hesabu inayofanana nayo. Tarakimu nimezizungusha kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Gogo alilinunua kwa shilingi 3,600 likatoa vipande 60, kwa hiyo mti wa kiboko mmoja ni shilingi 60. Msasa na rangi ya viatu ya kung'arishia ni shilingi 15. Jumla 75. Broka alimlipa 150. Basi kichwani mwake nusu ilikuwa gharama na nusu ilikuwa faida, na ni nani asiyeridhika na biashara ya nusu kwa nusu?

Tuirudie hesabu hiyo polepole, maana ndani yake ndimo alimopotelea. Kati ya vipande 60, kumi havikufika sokoni. Kimoja kilikuwa na kifundo katikati ya mgongo, vingine vilipasuka, na kimoja kilivunjika sikio kikiwa kimekaribia kwisha. Lakini gogo alililipia lote, kwa hiyo bei yake inabebwa na wale 50 waliosalimika: shilingi 72 kila mmoja, si 60. Msasa na rangi, kwa hesabu hiyohiyo, ni 18. Gogo nalo halikutembea lenyewe hadi kibandani. Kulikuwa na kibali cha kusafirisha mazao ya msitu, kulikuwa na gari, kulikuwa na mkokoteni. Tuseme 12 kwa kila kiboko. Kodi ya kibanda ni 8. Tayari tumefika 110, na bado hatujamlipa mtu yeyote.

Zilizobaki ni shilingi 40. Hizo ndizo zilizolipa saa moja na nusu ya yeye kuchonga, pamoja na nusu saa ya mkewe kupiga msasa usiku watoto wakishalala. Kibarua wa mjengo, ambaye hakuhitaji miaka ya kujifunza kushika tezo, akilipwa 600 kwa saa nane anapata 75 kwa saa. Kwa kipimo hicho cha chini kabisa, saa mbili zile ni shilingi 150, na kiboko yule aligharimu 260. Fundi wetu alikuwa akimuuza 150 na kumshukuru mnunuzi.

Swali ni kwa nini hakuona. Hakuona kwa sababu kila Jumamosi alikuwa na pesa mfukoni, na pesa iliyo mfukoni hainong'onezi ilikotoka. Ilitoka kwenye ujira ambao yeye na mkewe hawakujilipa. Na hapa niseme wazi jambo linaloniuma katika biashara za namna hii: kazi ya mama wa nyumbani haiandikwi popote. Kwa kuwa anapiga msasa akiwa kwake, juu ya mkeka wake, inachukuliwa kuwa ni bure. Si bure hata kidogo. Ni mtaji kama gogo lenyewe, na biashara yote ilikuwa imesimama juu yake bila kumtaja.

Udogo wa biashara ndio uliokuwa ukiifichia hasara yake. Kisha ikaja oda.

Mnunuzi wa ng'ambo alitaka viboko 1,000 kwa muda wa wiki sita. Broka alifika katikati ya wiki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaketi juu ya gogo.

"Mzee, hii ni oda ya mwaka. Ukinipunguzia ishirini tu kwa kila mmoja, nakupa zote wewe."

"Hakuna neno, tajiri," fundi akajibu, na wakapeana mikono kwa 130.

Hakuomba arubuni. Hakuomba hata siku moja ya kufikiri. Na lile punguzo lenyewe, ambalo kila mtu huliona ni haki ya anayenunua kwa jumla, linastahili kuangaliwa vizuri. Kiwanda cha sahani za plastiki kinaweza kupunguza bei ya sahani ya elfu, kwa kuwa gharama kubwa ilikuwa kwenye mashine na kalibu, nayo imegawanywa kwa sahani zote. Tezo haifanyi hivyo. Kiboko wa elfu anadai saa mbili zilezile alizodai wa kwanza, pengine na zaidi, maana mkono umechoka. Mchongaji anaweza kupunguza kile kidogo anachookoa kwa kununua msasa kwa boksi au kukodi gari mara moja, basi. Akipunguza zaidi ya hapo, anakata mwili wake.

Hesabu ya muda pia haikufanywa. Viboko 1,000 kwa saa mbili ni saa 2,000. Mtu mmoja akifanya kazi saa nane, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita, ana saa 288 tu. Ilibidi aajiri vijana watano, na vijana hao, tofauti na mkewe, walitaka kulipwa. Walikubaliana shilingi 70 kwa kuchonga kiboko mmoja na 25 kwa msasa. Sasa kazi ya mikono, ambayo miaka yote haikuwa na bei, ilipata bei kwa mkupuo: 95. Ukijumlisha na zile 110, kila kiboko wa kijana aligharimu 205 na kuuzwa 130. Kadiri walivyofanya kazi kwa bidii, ndivyo shimo lilivyozidi kuwa refu. Fedha za mishahara alikopa kwenye chama chake cha akiba.

Haraka nayo ilileta yake. Mwarubaini ni mti mzuri, na kuutumia ni uamuzi wa busara. Wachongaji wa Kenya walikwisha kuila mipingo na mihugu hadi misitu ya pwani ikalalamika, miti ambayo hukua taratibu sana, ilhali mwarubaini huota upesi mashambani na kuchipua tena ukikatwa. Lakini unataka subira. Mti mbichi hukauka nje kabla ya ndani. Ganda la nje linajikunja juu ya moyo ambao bado una maji, na ufa unazaliwa. Fundi mwenye nafasi hupaka nta kwenye ncha za gogo, akaliweka kivulini, akaliacha litulie. Yeye hakuwa na nafasi. Viboko 120 walipasukia ndani ya magunia ghalani kwa broka, wakarudishwa.

Basi sikiliza mwisho wa wiki sita. Malighafi, usafiri na kodi kwa viboko 1,000: shilingi 110,000. Vijana walichonga 700, kwa hiyo ujira wao ni 66,500. Wale 300 waliobaki alichonga yeye na mkewe, na kama kawaida hawakujilipa. Jumla iliyotakiwa kutoka ni 176,500. Iliyoingia, kwa viboko 880 waliokubaliwa, ni 114,400. Pungufu ya 62,100. Yeye mpaka leo hulaumu nyufa, lakini hata kama asingerudishiwa hata kiboko mmoja, bado angepungukiwa na 46,500. Bei ndiyo iliyomwangusha. Nyufa zilimkuta chini.

Watu wa mtaani walimlaumu broka, hasa ilipojulikana kwamba kiboko mmoja kama wale huuzwa shilingi 800 katika duka la hoteli. Mimi sioni wizi hapo. Mwenye duka analipa kodi ya hoteli, ana mshahara wa muuzaji, ana vinyago vinavyokaa rafuni msimu mzima wakati watalii hawaji. Broka naye ana gari na ghala. Kila mmoja wao alijua gharama yake na akaidai. Aliyekaa mezani bila kuijua ya kwake alikuwa mmoja tu, na mezani kwa namna hiyo asiyedai ndiye anayewalipia wengine.

Na si kwamba wachongaji hawakuwahi kulitambua hili. Sanaa ya kuchonga kwa ajili ya soko inahusishwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi na ujuzi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukaenea hadi familia nyingi zikawa zinaishi kwa tezo. Walipohamia mijini waligundua upesi kwamba mchongaji mmoja mbele ya mnunuzi ni mnyonge. Ushirika wa wachongaji Wakamba wa Mombasa ulianzishwa mwaka 1963, ili watu wauze mahali pamoja badala ya kila mtu kukimbilia kushusha bei kumshinda jirani. Fundi wetu alikuwa akichonga nje ya ushirika wowote, kwenye mstari wa vibanda ambako kila mtu alichonga kiboko yuleyule, na bei iliamuliwa na yule mwenye njaa zaidi siku hiyo.

Aliuza pikipiki na msumeno wa umeme. Alipoanza tena, mkewe ndiye aliyenunua daftari. Saa zake za msasa zimo humo, ukurasa wa kwanza. Bei ya kiboko sasa ni 320: 260 ni gharama, ujira wa wote wawili ukiwamo, na 60 ndiyo faida. Hiyo 60 hailiwi. Ndiyo inayonunua magogo ya kukauka kivulini, tezo mpya ya zamani ikichakaa, na siku ambayo fundi ataamka na homa. Oda yoyote kubwa inaanza kwa arubuni ya nusu, na muda wake unapangwa kwa idadi ya mikono iliyopo.

Broka wa zamani aliisikia bei hiyo, akaenda kibanda cha pili. Duka moja lilichukua viboko 40 kwa majaribio, kisha likaagiza tena. Fundi anauza wachache sana kuliko zamani na chama anakilipa kidogo kidogo. Vijana wawili kati ya wale watano bado wanamdai ujira wa wiki ya mwisho, na deni lao nalo limeandikwa humo daftarini.