Kuitambua Chapa na Kummiliki Ngamia

Limezuka swali katika zama hizi za tarakilishi. Mtu hupata maandishi marefu, akayabandika mbele ya programu, nayo ikamtolea anwani zote za barua pepe zilizomo. Je, anwani hizo ni halali yake kuzitumia apendavyo?

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe. Programu haisomi maana. Hupewa kigezo: tafuta herufi au tarakimu, kisha alama ya @, kisha jina, nukta, na herufi mbili au zaidi. Kilicho na umbo hilo hukitoa, kisicho nalo hukiacha. Hesabu ya vigezo hivi iliasisiwa na Mmarekani Stephen Kleene mwaka 1951, kabla ya barua pepe yenyewe.

Watu wa Hadado, katika nchi ya Wajir, hawatastaajabia ufundi huu. Ngamia wa koo mbalimbali wakichanganyika kisimani, mchungaji humjua kila mmoja kwa chapa yake. Lakini ni nani aliyepata kusema kwamba ajuaye kusoma chapa ana haki ya kumswaga ngamia?

Wakusanyaji hujitetea: "Anwani zilikuwa wazi." Wazi kwa nani, na kwa jambo gani? Itazame barua ya kuomba karo iliyopitishwa mikono kumi. Ndani yake mna anwani za watu ambao hata hawajui kuwa barua imefika kwako. Kigezo hakiwezi kumtenga aliyekuandikia wewe na aliyepitiwa tu njiani. Kumtenga ni juu yako. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data, ya mwaka 2019, inaruhusu kukusanya habari ambazo mwenyewe amezitangaza kwa kusudi, lakini imekataza kuzifanyia biashara ila kwa idhini yake au kwa ruhusa ya sheria.

Na madhara ya kitu kutolewa kwa haja moja kikatumiwa kwa nyingine si ya kubuni. Wapo raia wa Garissa na Wajir waliotoa alama za vidole Dadaab wapate chakula wakati wa ukame. Walipokwenda kuomba kitambulisho wakakuta wameandikwa wakimbizi.

Basi azichambuaye barua alizoandikiwa ili awajibu wenyewe, hana lawama. Aziuzaye anwani amekula amana. Na mwenye jambo la kheri kwa asiyemjua, amwandikie yeye peke yake, amweleze anwani ameipata wapi, na akiambiwa aifute, aifute siku hiyo hiyo.