Msaada Baada ya Tufani: Haki au Hisani?

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na kisiwa cha Mafia. Mvua zilizoandamana nacho zilibomoa barabara na madaraja wilayani Kilwa, hata mikoa ya Lindi na Mtwara ikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Maafa ya namna hii huzusha kila mara swali lile lile: je, aliyeangukiwa na nyumba ana haki ya kudai serikali imjengee, au yampasa kupokea anachopewa na kushukuru?

Nchi yetu imelijibu swali hilo kwa njia mbili. Baada ya tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, Rais Magufuli aliwaambia wananchi, Januari 2017, kwamba serikali haikulileta tetemeko, wala haiwezi kumjengea kila mtu nyumba yake. Lakini baada ya tope la Mlima Hanang kuufunika mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, serikali na wadau wake waliwajengea waliokosa makao nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Mtu wa Bukoba akiuliza, "Kwa nini wao na si sisi?" tusiharakishe kumwita mwenye kijicho. Yaweza kujibiwa kwamba watu wa Katesh walipoteza hata ardhi ya kujengea, na wa Bukoba walibakiwa na viwanja. Jibu hilo lina nguvu. Ila kwa mjane asiye na mtu, kiwanja bila mikono ni nini?

Sisi twaona hivi. Daraja, barabara na onyo la mapema ni mambo asiyoyaweza mtu peke yake. Kwa ajili hiyo hulipa kodi. Hayo ni deni, si hisani. Nyumba ni ya mwenyewe kwanza, kisha ni ya jirani zake kumsaidia. Lakini tufani haichagui: jirani naye ameezuliwa paa, ndugu naye yu matopeni. Ujirani ukikosa mikono, wajibu haufi, bali hupanda juu, kwa walio mbali zaidi na kwa serikali. Nayo serikali itangaze mapema kanuni ya kusaidia, ili mnyonge asitegemee bahati ya kuonekana. Tena, fedha iliyochangwa kwa jina la waliopatwa ni amana: hesabu yake isomwe hadharani, mbele yao wenyewe.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, ni rahisi mno kuihukumu serikali tukiwa tumeketi vibarazani hapa Soweto. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia majumbani mwa watu wilayani Moshi. Maji yale yatoka wapi, kama si mlimani kwetu? Tunakata miti, tunalima hadi ukingoni mwa mito, tunaziba njia za maji kwa takataka, kisha maji yakishuka tambarare kuwaharibia wenzetu, tunasema, "Mkuu wa Wilaya atawapelekea mahindi." Wazee wetu waliochimba mifongo walijua kwamba maji humfunga wa juu na wa chini katika kazi moja, asiyefika kusafisha mfongo alitozwa faini, kwa sababu uvivu wake ulikuwa hasara ya mwenziwe.

Arusi ikitangazwa, kamati huundwa kwa juma moja na kadi za mchango huzunguka hadi Dar es Salaam. Hivyo hatuwezi kusema kwamba hatuna fedha, wala kwamba hatujui kujipanga. Tunachokosa ni kumhesabu mtu wa bondeni kuwa wa kwetu.

Basi tuidai serikali deni lake, bila woga na bila matusi. Lakini tumdai kila mtu nafsi yake vilevile. Kila mtaa uwe na kamati yake kabla ya masika, ijue mzee yupi hawezi kukimbia na mfereji upi umeziba. Anayeidai serikali huku mikono yake imekunjwa, dai lake ni la kweli, lakini sauti yake haina uzito.