Elimu Ipi Iliyo Bora?

Kijana msomaji, siku utakapobisha hodi chuo kikuu utaulizwa utasoma nini: lugha, hesabu au uchumi? Wengi watakushauri uchague iletayo mshahara mnono. Usiwadharau, maana mwenye njaa hana miiko. Lakini jiulize pia kila elimu itakufanya mtu wa namna gani.

Hesabu hukataa neno lisilo na uthibitisho, hata likitamkwa na mkubwa. Uchumi hufundisha kuwa kila kichaguliwacho kina kiachwacho: shilingi iliyojenga barabara haikununua dawa. Lugha humpa mtu sikio la kumsikia mwenzake. Ahesabuye bila kusikia huwa dhalimu. Asemaye bila kuhesabu huwa laghai.

Julius Nyerere alisoma historia na uchumi Edinburgh, akapata shahada mwaka 1952. Na mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare. Elimu moja haikumfungia mlango wa nyingine.

Basi chagua moja, uisome kwa bidii, na nyingine uziheshimu. Shahada huandikwa jina la mtu mmoja, lakini walioilipia ni wengi. Elimu iliyo bora ni ile ikukumbushayo deni hilo.