Kushukuru ni kuomba tena

Anayeisikia methali hii kwa haraka huitilia shaka. Ikiwa asante ni ombi, basi asante ni ndoana. Mjukuu ameshuka basi la Dar es Salaam, kamletea bibi kitenge cha Krismasi. Bibi anashukuru, na tunaanza kudhani jicho lake limebaki kwenye begi.

Tunamwonea bibi, na methali pia.

Hapa Mazwi, kwetu Ufipa, Krismasi haitukuti tumeshiba. Mahindi ya Ufipa huvunwa katikati ya mwaka. Ifikapo Desemba mvua zimeshika, debe linagusa sakafu ya ghala, na mahindi mapya ni machipukizi yanayodai palizi na mbolea. Januari nayo inakuja na madaftari na sare za shule. Ndipo watu wanapobeba sadaka ya shukrani kwenda kanisani, matope yakiwa miguuni. Wanashukuru kwa mavuno yanayokwisha, mbele ya shamba ambalo halijaahidi kitu. Yesu naye alishika mikate 5 na samaki 2, umati ukiwa na njaa, akashukuru kwanza, shibe ikafuata. Ekaristi, neno tulilopokea kwa Wamisionari wa Afrika waliofika Karema mwaka 1885, asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni shukrani.

Wazee wa Kifipa walikuwa na namna yao ya kulifanya hilo kwa jembe. Mvua zikielekea kuisha, waligeuza nyasi na kuzifukia katika vichuguu vya udongo, intumba. Nyasi zikaoza humo. Msimu uliofuata walivitandaza vile vichuguu, wakapanda ulezi. Kile ardhi ilichoota walikirudisha ndani yake, na kwa tendo lilelile wakawa wanaiomba. Sioni hila hapo. Anayefukia nyasi anakiri kwamba yeye na ardhi hawajamalizana, kwamba mwakani atarudi palepale akiwa na uhitaji uleule.

Neno zito katika methali, kwangu, ni hilo "tena". Asiyeshukuru huona amelipwa stahili yake, akageuka na kwenda. Wale wakoma 9 wa Injili ya Luka walikuwa wamepata walichokililia. Shauri lao na Yesu likaishia njiani. Wa 10, Msamaria, alirudi akiwa tayari amepona. Ngozi ilikuwa safi, hakuwa na ugonjwa mwingine wa kuleta. Basi aliomba nini tena, kama si kuwa karibu na aliyemponya? Ombi lililomo ndani ya shukrani ya kweli halikitafuti kipawa kingine, linamtafuta mtoaji.

Msikilizeni bibi basi, sikukuu hii. Atakikunja kitenge taratibu, atakipapasa, atamwita Mungu ambariki aliyekileta. Kisha, kabla hajakiweka sandukuni, atauliza: "Sasa mjukuu wangu, Pasaka utakuja?"