TAKATAKA ZETU NA HAKI YA JIRANI WA CHINI

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu wa Bukavu, wanaume kwa wanawake, na wewe unayesoma karatasi hii nyumbani kwa kuwa hukujaliwa kufika msikitini: ninawausia na ninajiusia nafsi yangu kumcha Allah. Hotuba ya leo si ya mirathi wala si ya ndoa. Ni ya takataka. Asicheke mtu.

Siku chache baada ya Idi, mzee mmoja wa jamaa yetu anayekaa bondeni, chini ya mlima wa Kadutu, alikuja msikitini na gunia begani. Tulimpa kiti, akakikataa. Akalimwaga lile gunia mbele ya kamati: sashe nyeusi, pampasi za watoto, chupa za plastiki, na katikati yake makaratasi ya tende, zile zile tulizogawa hapa msikitini katika Ramadhani. Akasema: «Sheikh, mvua ya usiku wa Idi ilinishushia haya uani. Ukuta wa jikoni umeanguka. Choo kimejaa kimemwagika hadi mlangoni. Ningenyamaza, lakini nilipoona tende nikajua kuwa ni ndugu zangu.»

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimeinama, kwa sababu hata nyumbani kwangu mvua ikianza kupiga mabati usiku, mtoto hutumwa na ndoo ya takataka kwenye ravini. Tunasema: maji yatabeba. Ni kweli, maji hubeba. Lakini hatujiulizi hubeba hadi wapi.

Basi tufuatane nayo. Mji wetu umejengwa juu ya milima, na chini yake kuna ziwa. Sashe uliyoitupa juu huanza kuziba mfereji wa jirani. Maji yakikosa njia hujitengenezea nyingine, na njia hiyo hupita ndani ya nyumba ya mtu. Yakipita chooni huchukua uchafu hadi kwenye maji ya kunywa, na hapo ndipo kipindupindu hupata mlango. Kilichobaki hushuka Ziwa Kivu. Nalo ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, hapa hapa Bukavu, na kwenye mlango huo ndiko umesimama mtambo wa umeme wa Ruzizi ya Kwanza, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Takataka zetu hukusanyika mbele ya mtambo kama mkeka. Zikiingia kwenye mashine, mashine husimamishwa, na wapiga mbizi hushuka majini kuzitoa kwa mikono. Kwa hiyo umeme unapokatika tukiwa katika Isha, tukaanza kulaumu huyu na yule, huenda sashe iliyozima taa ilitoka jikoni kwako. (Sisemi kwamba kila giza la Bukavu ni la sashe. Mengine yana wenyewe.)

Mnaujua mfano wa merikebu ambao Mtume (S.A.W.) aliutoa, na Imamu Bukhari akaupokea. Watu walipanda chombo kimoja, baadhi wakapata sehemu ya juu na baadhi ya chini. Wale wa chini, kwa kuchoka kupanda kutafuta maji, walitaka kutoboa upande wao. Wa juu wakiwaachia, wote wanazama; wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Mara ngapi tumeusikia mfano huu! Lakini angalieni hapa kwetu: chombo hiki kinatobolewa na watu wa juu. Na mzee yule wa chini, aliyepanda mlima na gunia lake, ndiye aliyekuja kutushika mikono.

Nilisema hotuba hii si ya mirathi. Hata hivyo kumbukeni kwamba Jibril alimuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani jirani atawekewa fungu katika mirathi. Haki ya jirani haifutwi kwa istighfari peke yake. Ukivunja ukuta wa mtu, unasema astaghfirullah, na kisha unaujenga.

Wengine watasema: huu ni mji, kila mtu anatupa, serikali iko wapi? Amri ya serikali ipo, ni ya tarehe 30 Desemba 2017, inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki katika nchi yetu. Wenzetu wa Rwanda walizikataza tangu 2008, na kila aliyewahi kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe anajua: mpakani unaitoa sashe mwenyewe kabla hujaulizwa, unahamisha vitu vyako kwenye kikapu. Ukirudi upande huu, unaidai tena sokoni. Maana yake tunaweza. Tulichokuwa tunakiogopa ni askari.

Tufanye nini? Mama, ifungue ile ndoo uitazame. Sehemu kubwa ni maganda ya ndizi na mihogo, mabua ya sombe, na majivu ya mbabula. Hiyo si takataka, ni mbolea. Mwenye kiwanja achimbe shimo. Asiye na kiwanja, na huko Kadutu ni wengi, ajaze udongo na maganda yaliyooza katika gunia kuukuu, atoboe pembeni, apande lengalenga. Pampasi na plastiki ziwekwe kando, mahali pakavu, wapewe vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kuchukua takataka kwa malipo madogo. Tunanunua unite za simu kila siku, halafu malipo hayo tunayaona ghali. Wala plastiki isichomwe kwenye mbabula ili kuwashia makala. Moshi wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliyebebwa mgongoni.

Makala yenyewe ni miti. Loweka maharagwe usiku, funika chungu, na chakula kikiiva zima makala yaliyobaki uyatumie kesho.

Neno moja kwa wanaume, maana nisije nikawapa wanawake kazi yote. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, hata lita haifiki. Sisi hapa bomba linamwagika huku tunazungumza habari za mpira, na kuna mama aliyebeba bidoni ya lita 20 kutoka bondeni. Kuanzia juma hili kopo zitawekwa penye kutawadhia.

Na kamati imeamua haya. Tende za Ramadhani ijayo zitagawiwa kwenye sahani na vikapu, bila sashe. Kesho Jumamosi, baada ya swala ya Alfajiri, ni salongo. Tutaanzia bondeni kwa mzee wetu kwa kusimamisha ukuta wa jikoni na kusafisha uwanja wake, kisha tutazibua mfereji kwa kupanda juu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye ravini yetu, na kingo zake tutazipanda majani ya tembo yashike udongo. Mwenye jembe aje nalo, mwenye beleshi vilevile. Matofali bado yanapungua. Asiyeweza kupanda mlima amtume kijana wake na magunia matupu. Mimi nitakuja na mtoto wangu, yule wa ndoo.