Ushahidi wa Mchora Ramani

Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa mipaka ya Dola Huru la Kongo. Upande wa mashariki, mpaka ulifuata longitudo ya 30 hadi latitudo ya nyuzi 1 na dakika 20 kusini, kisha ukanyooka mstari mmoja hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo hakuna Mzungu aliyekuwa ametia mguu kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Huko Ulaya ziwa hilo lilijulikana kwa tetesi za wasafiri waliopita mbali nalo. Mstari ule ulilimeza ziwa zima, visiwa vyake na sehemu ya magharibi ya Rwanda. Ndani yake kabisa ikaingia milima ya Wahunde na msitu wa Wanyanga, yaani Masisi na Walikale za leo. Watu waliokuwa wakilima, wakitega wanyama, wakioana na kuzikana huko waliamka siku hiyo ndani ya dola ambayo hawakuwahi kuisikia. Wanahistoria wameshaeleza vizuri jinsi jambo hilo lilivyofanyika. Swali linalonishughulisha ni la dhamiri: mtu anayechora nchi asiyoijua ana hatia gani, na hatia hiyo inaanzia wapi?

Jibu langu linaanza na kuiona ramani kuwa ushahidi. Anayeichora anasimama mbele ya watu wasioweza kufika alikofika yeye na kuwaambia kwamba mto uko hapa, kijiji kiko pale. Wao watamwamini, watatuma askari, watagawa mashamba, watahukumu kesi kwa neno lake. Basi apimwe kwa kipimo cha shahidi, nacho dini zetu zimekishika kwa ukali. Amri Kumi zinakataza ushahidi wa uongo dhidi ya jirani. Kurani inamkataza mtu kushika jambo asilokuwa na elimu nalo. Torati inamlaani anayesogeza alama ya mpaka wa jirani yake, na mafundisho ya Mtume yanamwonya hata anayedhulumu shubiri moja ya ardhi. Shahidi mwaminifu anatenganisha mambo matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, na nisiyoyajua. Hakosi kwa kuwa hajui. Anakosa pale "sijui" yake inapogeuka kuwa "hakuna", na anayeigeuza hivyo baada yake, akiwa anajua anachokifanya, anakosa zaidi. Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Masisi na Walikale, na kwa sehemu kubwa yanaendelea kuwapata.

Mtazameni kwanza msafiri mwenyewe. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani mwishoni mwa 1893 na msafara wa wapagazi na askari, akapita Rwanda na kuonana na mtawala wake, Mwami Kigeli Rwabugiri, akapanda volkeno ya Nyiragongo, na Juni 1894 akawa Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu. Kutoka hapo akaingia msitu ulio kati ya ziwa na Mto Lualaba, akatokea Kirundu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa kwenye Bahari ya Atlantiki. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari hiyo. Msafiri wa zama zile alichora kwa dira, saa na kipimajoto cha kupimia maji yanayochemka, ambacho kwacho alikadiria urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Alihesabu saa za mwendo, akaandika uelekeo wa njia kila ilipopinda, usiku akatazama nyota ikiwa mawingu yameruhusu. Juu ya vilima vya Masisi mbinu hiyo inafaa, maana jicho linafika mbali. Ndani ya msitu wa Walikale mtu haoni hatua 50. Kila kilicho nje ya njia anakipata kwa kuuliza: mto huu unakwenda wapi, nani anakaa ng'ambo? Jibu linapita kwa mkalimani mmoja au wawili, mara nyingi kwa Kiswahili cha watu wa msafara, kisha linaandikwa kama jina la mahali. Kwa hiyo ramani ya msituni, ikisomwa kwa uaminifu, ni uzi mwembamba wa njia moja wenye weupe huku na huku. Sioni dhambi katika weupe huo. Ni ungamo la shahidi kwamba hapo hakufika.

Ila kalamu ya sheria ilikuwa imetangulia kulisoma ungamo hilo kwa maana nyingine. Tarehe 1 Julai 1885, mwezi mmoja kabla ya tangazo la mipaka, dola ya Leopold ilitoa agizo kwamba ardhi zisizo na wenyewe zihesabiwe kuwa mali ya serikali. Nani aliyeamua kwamba hazina wenyewe? Mtu aliyekuwa na karatasi mbele yake. Mnyanga aliishi kwa kutega, kuwinda, kuvua na kupanda migomba. Kijiji kilihama, shamba lililochoka liliachwa lipumzike, na eneo la mitego la ukoo lilikuwa na wenyewe wanaojulikana hata kama hapakuwa na nyumba hata moja. Kwa macho ya mpita njia, msitu huo ni mtupu. Kwa mwenyeji umejaa mpaka hauna pa kuongeza. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikaa siku 12 wakiandika utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Shé-Kárisi Rureke, Mnyanga. Ndani ya utendi ule kuna kijiji cha Tubondo, kuna mto unaomchukua Mwindo kwenda kwa shangazi yake Iyangura, kuna njia za kushuka chini ya ardhi na kupanda mbinguni. Sidai kwamba utendi ni hati ya shamba. Nadai kwamba watu wanaoweza kuimba nchi yao kwa siku 12 bila karatasi hawakuwa wakisubiri mtu aje kuwaambia inaanzia wapi.

Kosa hilo la kuusoma weupe kuwa utupu lilizaa matunda. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ikaipa mamlaka ya kugawa ardhi zilizoitwa tupu kwa walowezi na makampuni. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali hiyo ikaendesha mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda kuja Masisi, kwa sababu Rwanda ilionekana imejaa na mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Eneo la Gishari lilikatwa katika nchi ya Wahunde, likawekewa utawala wake wa wahamiaji, na mwaka 1957 utawala huo ukafutwa. Mtu akiyafuata mambo haya kwenye ramani za ofisi anaona rangi zikibadilishwa tu. Ardhini palikuwa na mwami aliyepungukiwa na nchi, na palikuwa na mkulima aliyeletwa kwa ahadi ya serikali, akafyeka, akajenga, akazaa, kisha akaambiwa kwamba mamlaka aliyowekwa chini yake hayapo tena. Wote wawili walikuwa na haki ya kuona wametapeliwa, na aliyewatapeli alikuwa mmoja. Vita vilivyolipuka sokoni Ntoto, Walikale, Machi 1993 na kuenea Masisi vilikuwa na sababu nyingi, nami sitavibebesha kipande cha karatasi peke yake. Lakini waliopigana walikuwa wakibishania hasa swali ambalo ramani ya ardhi tupu ilikataa kuliuliza: nani alikuwa hapa, na aliyekuja baadaye alikuja kwa idhini ya nani?

Yupo atakayesema kwamba ninawaonea Wazungu. Rwabugiri alipeleka majeshi magharibi ya Kivu kabla ya Götzen kumkuta. Wangwana, wafanyabiashara Waswahili wa upande wa Lualaba, waliteka watu na pembe bila kuchora hata mstari mmoja. Ni kweli, na mateso ya waliotekwa hayakuwa mepesi kwa sababu mtekaji hakuwa na dira. Hata hivyo mshindi wa mkuki anajulikana kwa jina lake. Anayeshindwa anajua ameshindwa na nani, anaweza kukimbia, kulipa kodi kwa kinyongo, kungoja siku ya kurudisha chake. Ramani inanyang'anya kwa sauti ya elimu. Haisemi "nimeitwaa nchi yako". Inasema haikuwa yako tangu mwanzo, na inasema hivyo kwa watu ambao hutakutana nao kamwe. Ndiyo maana dhuluma ya mkuki ya mwaka 1890 imebaki masimulizi, ilhali dhuluma ya agizo la 1885 iliingia katika sheria na kurithiwa: sheria ya ardhi ya Zaire ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya serikali, na ardhi za kimila zikaachwa zingoje kanuni ambazo hazikutolewa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili heshima. Bila mistari ile Kongo isingekuwapo, na Mkongo wa Masisi leo yuko tayari kufa akiutetea mpaka uliotokana na kalamu ya Leopold na kurekebishwa kwa mkataba wa Ubelgiji na Ujerumani wa mwaka 1910, uliogawa Ziwa Kivu na kukiacha kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo. Viongozi wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 walikubali kuiheshimu mipaka waliyoikuta. Je, tunaweza kumshutumu mchoraji huku tunakaa ndani ya mchoro wake? Naona tunaweza. Mpaka wa Kongo hauna nguvu leo kwa kuwa mchoraji wake alikuwa mkweli. Una nguvu kwa sababu watu waliokuwa ndani yake waliupokea baadaye, wakaupigia kura, wakalipia kodi, wakauzikia wafu wao, na kwa sababu majirani waliahidi kutouvunja. Ni agano, na agano halali linaweza kuota juu ya msingi wa dhuluma bila kuihalalisha dhuluma yenyewe. Tena kuukubali mstari wa nje hakutulazimishi kuukubali weupe wa ndani. Mtu anaweza kusema kwa kinywa kimoja kwamba Masisi ni Kongo na kwamba ofisi ya Kongo haina ruhusa ya kuita tupu shamba la mtu wa Masisi.

Wengine watamtetea msafiri kwa nia yake: Götzen alikuwa mpita njia mwenye udadisi, hakujua karatasi zake zitatumiwaje. Nakubali kiasi. Nimeshasema hatia kubwa ni ya msomaji aliyegeuza maana. Lakini udadisi una wajibu wake, hasa udadisi wa mtu anayeripoti kwa wenye mizinga. Götzen huyo huyo alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilipozuka chini yake, majeshi yake yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Si kila aliyepima nchi angefanya hivyo. Richard Kandt aliyezunguka Kivu baada yake alikaa miaka mingi na wenyeji na kuwasikiliza. Ila njia kutoka kwenye daftari la vipimo hadi kwenye kiti cha gavana ilikuwa fupi, na waliosafiri waliijua.

Makosa haya hayakuondoka na Wabelgiji. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliigawa nchi nzima katika miraba ya takribani hekta 85, na ofisi ya Kinshasa inatoa vibali kwa kusoma tarakimu za longitudo na latitudo. Kwa mpangilio huo mlima wa Bisie, Walikale, ni miraba kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya wachimbaji walikuwa juu ya mlima huo; vijana walibeba mgongoni magunia ya kilo 50 ya kasiterite, madini ya bati, kwa siku nzima au zaidi msituni hadi barabarani, na ndege zilikuja kuyachukua zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo. Koo zilibishana nani ni mwenye mlima. Kwenye miraba hakukuwa na hata mtu mmoja. Mgogoro wa wenye vibali na wenye sururu ulitabirika, Bisie na vilevile kwenye migodi ya koltani ya Rubaya kule Masisi, kwa sababu pale pale palikuwa na nchi mbili zisizojuana.

Dawa inayotajwa siku hizi ni ramani zinazochorwa na wanavijiji wenyewe. Tangu agizo la tarehe 2 Agosti 2014, jamii ya Kongo inaweza kuomba msitu wake hadi hekta 50,000, na Walikale ni miongoni mwa walioichangamkia nafasi hiyo. Wazee wanapita na vijana wenye GPS, wanaonyesha makaburi, maeneo ya mitego, vijiji vya zamani. Nalifurahia jambo hili kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nataka lipimwe kwa kipimo kile kile. Mwenyeji anaweza kushuhudia uongo kama mgeni. Ramani ya ukoo inayoacha vijia vya Wambuti na Watwa kwa kuwa hawana mwami wa kuwasemea, ingawa sheria ya Julai 2022 imewatambulia haki zao, inarudia agizo la 1885 kwa herufi ndogo. Ramani ya Wahunde inayofuta nyumba ya mjukuu wa aliyeletwa mwaka 1937 ni ya aina hiyo, na ramani ya wafugaji inayoita malisho shamba lililoachwa wakati wa vita haina tofauti nayo. Hilo la mwisho ndilo la haraka kuliko yote. Masisi Kati ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na familia nyingi za Masisi zililazimika kuyakimbia mashamba yao. Timu ya vipimo itakayofika leo itakuta magugu, na vifaa vyake, ambavyo ni sahihi kuliko vyote alivyobeba Götzen, vitaandika magugu. Mpimaji akitaka kuwa shahidi, itambidi aende kwanza walikokimbilia wenye mashamba, awaulize mipaka yao, na aandike majina yao penye weupe kabla ya kutia sahihi.