Haki ya Njia na Mashindano ya Motokaa

Ziko jamaa katika Ufaransa zilizohifadhi, pamoja na picha za arusi na za wazee wao, taswira za kale za mashindano ya motokaa. Azitazamaye huona motokaa yaja mbio, vumbi limetanda nyuma yake kama wingu, na watu wamejipanga huku na huku, hata wengine wamesimama katika njia yenyewe, wakimwachia dereva upenyo mdogo wa kupita. Mwenye kuirithi picha hiyo hufurahi kwamba babu yake alikuwapo, wala hana lawama. Walakini picha huonyesha lahadha moja tu, lililofuata halimo.

Tarehe 24 Mei 1903 yalianza mashindano ya kutoka Paris hata Madrid. Vyombo zaidi ya 200 viliondoka Versailles tangu alfajiri, vikashika barabara ile ile ipitayo mikokoteni, mifugo na watoto. Fernand Gabriel alifika Bordeaux, masafa ya kilomita zaidi ya 500, kwa mwendo wa kadiri ya kilomita 105 kwa saa. Nyuma yake walikufa madereva, mafundi na watazamaji. Miongoni mwao Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya motokaa yenye jina hilo. Yasimuliwa pia ya kuwa mtoto alikatiza njia, askari akaruka ili amwokoe, motokaa ikawaua wote wawili. Serikali ikayakomesha mashindano pale pale Bordeaux, na motokaa zikarudishwa kwa gari la moshi.

Basi yaulizwa: je, yatosha kusema kwamba waliokufa waliijua hatari? Jawabu ni kuwa watu hao ni wa namna tatu, wala hukumu yao si moja. Dereva aliijua hatari akaikubali, naye ataulizwa juu ya nafsi yake. Mtazamaji alikuja kwa hiari, lakini alizoea mwendo wa farasi, hakujua kipimo cha kile kinachomjia. Na ridhaa isiyo na ujuzi ni ridhaa pungufu. Ama mtoto, yeye hakuridhia neno lolote. Alikuwa katika njia yake ya kila siku.

Wanavyuoni wa fiqhi wamebainisha kuwa njia kuu ni ya watu wote, na ruhusa ya kuitumia imefungamana na sharti ya kusalimika wengine. Kwa hiyo aifanyaye njia kuwa uwanja wa mchezo wake ametwaa kisicho chake, hata akiwa na ruhusa ya serikali. Kwani mtawala ni mlinzi wa haki hiyo, si mwenye kuimiliki.

Huenda mtu akasema: lau si mashindano hayo, motokaa zisingalitengenea. Kauli hii ina sehemu ya kweli, lakini haihalalishi kitendo. Mwaka 1907 Waingereza walifungua uwanja wa Brooklands, uliojengwa makusudi kwa mbio za motokaa, mbali na wapita njia. Ikadhihiri kuwa faida ile yaweza kupatikana pasipo kudhulumu. Na waliong'ang'ania barabara waliyaona yale yale: Italia, mwaka 1957, katika mashindano ya Mille Miglia, motokaa moja ilipasuka gurudumu ikawaua watazamaji tisa, watano wao watoto. Ndipo mashindano hayo ya mbio yakakomeshwa.

Kila ashikaye usukani katika njia ya watu na azitazame picha zile upya. Asimtazame dereva peke yake. Amtafute na mtoto aliye ukingoni. Askari yule hakupata wasaa wa kupima hoja, lakini katika siku ile ndiye aliyeitimiza haki ya njia, ilhali wengine walikuwa wakihesabu dakika.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.